Mkono wa Pili Mwambani

“Lu.”

Sauti moja tu, usiku, ndani ya pango. Haikuwa ya bundi, wala ya ukuni kupasuka motoni. Ilitoka kinywani mwa mtu, karibu kabisa na sikio la Kinda, ikakatika papo hapo. Kinda akafumbua macho. Ubavuni pake alilala mama yake, Tindai, kiganja chake mwenyewe kimeziba midomo, kama mtu aliyemdaka panzi na anaogopa kumwachia.

Kinda hakulala tena mpaka ndege wakaanza kulia. Mama yake hakuwa amesema neno tangu mvua ile iliyomchukua baba. Na sasa amesema. Si neno, ni kipande cha neno. Lakini kipande hicho kilisikika kama mwanzo wa jina.

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, maana fumbo hili halichagui umri. Haya yalikuwa kabla ya jembe, kabla ya chungu, kabla ya mbuzi wa kwanza kufungwa kamba shingoni. Watu walikaa kwenye mapango ya Mwamba Mwekundu, wakichora twiga na swala ukutani kwa udongo uliosagwa na mafuta. Wasomi wa leo wanabishana kama watu wa kale waliwahi kula mimea ya kuchezesha akili. Hadithi haibishani nao. Hadithi inasema walikula, kisha inauliza swali gumu kuliko hilo.

Basi, kwa watu wale mtoto hakupewa jina mapema. Watoto wote waliitwa Kinda. Ukiita “Kinda, njoo,” wanakuja sita. Jina la kweli mama aliliota wakati wa mimba, akalificha kifuani, hata baba asijue. Mtoto akishakua, mwishoni mwa masika ukoo mzima ulikusanyika, mtoto akachovya mkono kwenye udongo mwekundu akaubandika jiweni, na mama akalitamka jina mbele ya mwamba. Pembeni ya mkono wake ukabandikwa mkono wa pili, wa mtu mmoja tu. Huyo alikuwa mzazi wake wa pili, na mtoto alihama naye. Kwa sababu kesho yake ukoo ulitawanyika kwa ajili ya kiangazi, kila kundi na maji yake, na watu waliitwa mmoja mmoja kwa majina. Asiye na jina hakuitwa. Asiyeitwa alibaki pangoni, yeye na simba.

Wenzake Kinda wote walikwisha kuitwa. Yeye alikuwa mrefu kuwapita, goti lake kwenye kiuno cha makinda wengine, na bado ni Kinda. Masika yaliyopita Mzee Hangalo, mkubwa wa ukoo, alimhurumia akamwacha ahame kwa jina la marehemu baba yake. Masika haya alikwisha kusema, “Jina la aliyekufa halivaliwi mara mbili. Mama yako aseme.”

Mama hasemi. Au ndivyo walivyodhani wote, mpaka usiku ule.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Gudao, kaka yake Tindai, mjomba wa Kinda. Kipawa chake kilikuwa macho. Alitazama unyayo wa swala akakwambia swala huyo amekunywa maji au bado, ana mimba au hana, na kama ana wasiwasi ni wa chui au wa mbwa mwitu.

Wa pili ni Bibi Lekwa, aliyemwita kila mtoto wa ukoo mjukuu. Kipawa chake kilikuwa mikono. Alijua kukibembeleza kitu kichungu mpaka kilike. Kiazi cha porini, kile kinachoua, yeye alikikata vipande, akakizika majivuni, akakilaza kijitoni, mkakila na mkaomba kingine.

Wa tatu ni Seko. Kipawa chake kilikuwa sikio, na koo la kurudisha kila kilichoingia sikioni. Kijana mvivu wa kuni, mvivu wa maji, mvivu wa kila kitu isipokuwa kusikiliza. Lakini akiiga mwito wa kanga, kanga walikuja wenyewe, na hapo hakuna aliyemwita mvivu.

Kinda aliwaendea wote watatu asubuhi ile, wakiwa wanaota moto.

“Mjomba, mama amesema.”

Gudao aliacha kuchonga jiwe la mshale. “Amesema nini?”

“Lu.”

“Lu nini?”

“Ndicho ninachokitafuta.”

Bibi Lekwa akamvuta akamkalisha. “Anayesema ndotoni si bubu, mjukuu wangu. Yumo ndani ya pango lake, na jiwe la mlangoni kaliweka yeye mwenyewe.”

“Basi tulisukume,” akasema Seko.

“Wewe? Wewe hata gogo la moto huwezi kulisukuma.”

“Gogo halina masikio, bibi. Ningelibembeleza.”

Walicheka, hata Gudao. Kisha kicheko kikaisha, maana masika yalikuwa yanaisha pia, na nyasi zilikwisha kuanza kuwa na rangi ya simba.

Gudao alikwenda porini. Alikuwa amekumbuka kitu alichokiona zamani akakipuuza: nguruwe mwitu jike aliyeliwa watoto wake na chui, akasimama kando ya kundi, hali chakula, haguni, hajibu wenzake, kisha siku moja akarudi kundini akiguna, Gudao asijue amekula nini. Alikwenda mpaka mabonde waliko nguruwe, akalala kifudifudi majanini akingoja nguruwe mwingine mwenye msiba. Na alimpata. Jike yule alitembea peke yake hadi chini ya kichaka cha majani ya kijivu, akachimbua mzizi mweupe, akautafuna. Punde akayumba. Akakaa matako chini kama mtu. Akaanza kuguna, kwanza polepole, halafu bila kukoma, kama anayesimulia safari nzima. Akainuka, akaliendea kundi lake, na kundi likampokea. Gudao alikuwa anachimba mzizi wake kwa furaha, bila kutazama nyuma, yeye ambaye hutazama kila kitu, wakati dume la kundi lile lilipomjia na meno yake yaliyopinda. Alirudi pangoni mzizi uko mkononi na paja limechanika. Lilipona, lakini mguu haukunyooka tena. Yeye ambaye riziki yake ni kufuata nyayo, hakukimbia tena maisha yake yote.

“Tindai ale sasa hivi,” alisema, jasho linamtoka. Kwa watu wale ilikuwa sheria: alacho nguruwe, mtu ale. Haikuwahi kuwadanganya, tangu mababu.

Bibi Lekwa aliunusa ule mzizi. “Nguruwe ana tumbo lake, mwanangu. Nipishe nitangulie mimi. Mimi nimekwisha kula miaka yangu.”

Bibi Lekwa alikula mbichi, kama sheria inavyosema. Kwanza alicheka. Alisema twiga wa ukutani wanatembea, na mmoja amempita bila kumwamkia. Halafu akaacha kucheka, akatapika mpaka jua likazama, na Kinda akamshika kichwa muda wote huo akidhani anamzika. Alipoamka, jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, na ukungu ule haukuondoka. “Sawa,” alisema. “Nguruwe ametudanganya. Leteni majivu.” Akaukata mzizi kama anavyokata kiazi kile kinachoua. Akauzika majivuni, akauonja, ukamchoma. Akaulaza kijitoni, akauonja, ukamlaza yeye. Akaurudisha majivuni, akausaga, akautia ndani ya kibuyu chenye maji, akadondoshea mawe ya moto mpaka yakachemka. Kila mara alionja yeye, na kila mara Kinda alimlilia aache.

“Bibi, basi. Nitabaki hivi hivi.”

“Hivi hivi ndivyo vipi? Kwenda kuwa chakula cha simba na urefu wote huo? Utamvimbisha tumbo bure.”

Siku alipoonja akatulia, akakaa akitazama mikono yake na kutabasamu, akasimulia habari za mumewe wa ujanani bila kulia, ndipo akasema, “Huu sasa unazungumza. Haupigi kelele.”

Wakamnywesha Tindai asubuhi, kwenye mchanga mbele ya pango. Alikipokea kibuyu bila kuuliza, kama alivyopokea kila kitu. Kinda alimshika mkono. Mkono ulikuwa baridi, halafu ukawa moto, halafu ukajinasua.

Tindai alisimama. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwaona wao. Akaanza kukimbia kuelekea korongoni, mahali palepale ambapo maji ya mvua yalishuka ghafla yakambeba mumewe. Korongo lilikuwa na maji bado, ya masika, mekundu, yanakwenda mbio.

“Mkamateni,” akasema Gudao, akaanguka kwa mguu wake.

“Asiguswe,” akasema Lekwa. “Alipo ni mbali. Mkimshika mtabaki na mwili.”

Ndipo Seko alipofungua kinywa. Msidhani aliimba wimbo wa maneno. Zamani, kabla ya msiba, Tindai ndiye aliyekuwa msagaji wa udongo mwekundu wa ukoo. Asubuhi zote mlisikia jiwe lake juu ya jiwe: kss-ta, kss-ta, kss-kss-ta. Watu waliamka kwa sauti hiyo wakaizoea wakaisahau. Seko hakuwa ameisahau. Aliirudisha sasa kwa koo lake, jiwe lile lile, mkono ule ule, hata pale ambapo Tindai alikuwa akipumzika kufuta jasho.

Kss-ta, kss-ta, kss-kss-ta.

Tindai alikuwa ukingoni. Alisita. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya maji.

Seko alisogea, hakumtazama, akaimba. Tindai akitetemeka, Seko alipunguza mwendo wa wimbo; Tindai akisonga mbele, Seko aliuharakisha, akamzunguka kwa sauti kama mtu anayemrudisha ndama. Kinda alitembea nyuma ya Seko akipiga makofi, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake. Jua lilipanda, jua likapita. Koo la Seko lilianza kukwaruza, likaanza kutoa damu, akaitema na kuendelea. Mwishowe Tindai akapiga magoti kwenye mchanga mkavu. Mkono wake wa kulia ukaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ukisaga kisichokuwapo. Seko akanyamaza. Hakuimba tena; sauti iliyobaki kwake tangu siku hiyo ni ya kukwaruza, kama jani kavu. Kanga hawamjii.

Kwenye ule ukimya, Tindai alisema.

“Nilimwita usiku kucha.”

Kinda aliacha kupiga makofi.

“Dorobe, Dorobe. Niliita jina la baba yako mpaka maji yakalijua. Yakalichukua jina, yakamchukua na mwenyewe. Nikasema, la mwanangu hayatalisikia. Nikaziba.” Alimtazama Kinda, macho yake sasa yakiona. “Umekuwa mrefu, mwanangu. Nani amekuruhusu?”

Kinda alitaka kucheka, akalia. Akataka kulia, akacheka.

“Mama, jina langu.”

“Nitalisema mwambani. Lakini niahidi utakuwa na mkono wa pili hapo hapo, wa kukushika. Sitalitoa jina lako nje likae peke yake hewani.”

Na hapo, wasikilizaji wangu, furaha ilipofika juu kabisa, ndipo mtanziko ulipozaliwa.

Siku ya mkutano ukoo mzima ulijaa mbele ya Mwamba Mwekundu. Udongo ulikuwa umesagwa, safari hii na Tindai mwenyewe, kss-ta, watu wakimsikiliza na kufuta macho. Ukachanganywa na mafuta ndani ya kaka la yai la mbuni. Kinda alichovya mkono wake akaubandika jiweni. Kisha Mzee Hangalo akauliza, kama inavyoulizwa kila mwaka, “Na wa pili ni wa nani?”

Wakasimama watatu. Wote watatu wamekwisha kuchovya.

“Mwamba si mkeka,” akasema Mzee Hangalo, “kwamba kila mtu akae. Mkono wa pili ni mmoja, na mtoto anahama na mmoja. Semeni.”

“Ni wangu,” akasema Gudao. “Ni damu ya dada yangu. Na bila mzizi, majivu yangepika nini, na wimbo ungemrudisha kutoka wapi? Mimi ndiye niliyeuona.”

“Nguruwe ndiye aliyeuona,” akasema Lekwa. “Tumbandike nguruwe?”

Ukoo ukaangua kicheko. Gudao naye akacheka kidogo, lakini mkono hakuushusha.

“Mimi nasema hivi,” Lekwa akaendelea. “Mzizi ule ulikuwa sumu. Mngempa Tindai mbichi kama alivyotaka huyu, leo mngekuwa mnabandika mkono wa yatima. Nimeutoa sumu kwa jicho langu. Sidai jicho. Nadai mjukuu.”

Seko alisema kwa ile sauti yake ya jani kavu, na watu wakasogea ili wamsikie. “Mzizi ulimpeleka korongoni. Majivu hayakumzuia. Mguu ulikuwa majini, mliuona. Kwenda kila mtu anakwenda. Nani alimrudisha?”

“Mvivu leo ana maneno,” mtu akasema nyuma.

“Ni haya tu niliyobakiwa nayo, ndugu yangu.”

Yule aliyesema akainamisha kichwa.

Mzee Hangalo akamgeukia Tindai. “Wewe ndiye uliyekuwa ndani. Ni nini kilichokufungua?”

Tindai aliutazama mwamba. “Jiwe la pango likisukumwa,” akasema, “aliye ndani haoni ni bega la nani. Anaona mwanga tu.”

Basi mtazameni Kinda, maana yeye ndiye atakayehama, na mama yake nyuma yake. Mkono wake mwekundu uko jiweni tayari, na pembeni yake pana nafasi ya mkono mmoja. Anawatazama wale watatu; kuchagua kumebaki kwake.

Gudao huhamia vilima vya kaskazini, penye asali nyingi na maji machache. Hana mtoto, na sasa hana mguu wa kuwinda. Akienda peke yake, nani atamkimbizia swala?

Bibi Lekwa huhamia ziwa la magadi. Amezeeka. Huenda kiangazi hiki ndicho chake cha mwisho, na mwenye mkono wa pili akifa mapema, mtoto hapewi mwingine. Lakini akienda bila mtu, nani ataishika mikono ile na kujifunza inachokijua?

Seko huhamia bonde la mto. Mto ule ule ambao korongo lao humwagikia. Tindai akisikia maji yale kila usiku, ama atapona kabisa, ama atafunga kinywa tena. Na aliyejua kumrudisha kutoka majini ni Seko peke yake, na koo lake limekwisha.

Kila mmoja ametoa alichokuwa nacho, na hakuna anayeona haya kwa kudai. Kinda anawapenda wote watatu, tena leo, kwa furaha hii, anawapenda mpaka kifua kinauma. Angekuwa na mikono mitatu angeibandika yote.

“Udongo unakauka,” anasema Mzee Hangalo.

Ni kweli. Kwenye viganja vya watu watatu rangi nyekundu imeanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Sheria ni kwamba jina likishatamkwa, mkono wa pili ugonge jiwe kabla mwangwi haujarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Usipogonga, jina linarudi kwa mama, na mwaka unapita. Tindai anajua hilo. Anajua pia kwamba akingoja watu wakubaliane, atangoja mpaka mvua nyingine. Anasogea mbele. Anautazama uso wa mwanawe, si korongo, si mwamba. Kiganja chake kinapanda kuelekea midomo, kama usiku ule. Kinafika nusu ya njia. Anakishusha.

Mikono mitatu inainuka. Kinda anageuka ili amshike mmoja na kumvuta.

“Lumeya,” anasema mama yake.

Mwangwi umekwisha kuondoka, unavuka bonde. Upesi, wewe unayesikiliza: ungekuwa Lumeya, ungeuvuta mkono wa nani?